Mume amejifungia chumbani, mimi na watoto mezani

Shangazi, shikamoo. Familia nzima tumejitenga nyumbani baada ya kukaa karibu na mgonjwa wa korona. Mimi na mume wangu sote tunafanyia kazi nyumbani. Yeye hujifungia chumbani tangu asubuhi, mimi niko meza ya chakula na watoto wa miaka 3 na 7. Jana mdogo aliniingilia kikaoni, nikamfokea mpaka akajikojolea. Nimelia usiku kucha. Nifanyeje?
Mama Wawili

Marahaba, mwanangu. Anza na huyo mdogo. Chuchumaa mtazamane, umwambie: "Jana mama alikufokea. Hukukosea." Inatosha, habari za bosi na kikao haziwezi kumwingia kichwani. Akijikojolea tena siku mbili tatu hizi, mbadilishe nguo kimyakimya. Ile ni hofu, hajakaidi.

Sasa mlango wa chumba, maana hadi leo una mwenyewe mmoja. Usiku watoto wakilala, kaa na mumeo mkiwa na karatasi. Kila mmoja aandike vikao vya kesho ambavyo lazima azungumze. Vya kusikiliza tu msiviandike. Hivyo vinasikilizika kwa spika ya sikioni hata ukiwa na watoto. Kisha gaweni siku kwa zamu za saa mbili mbili. Mwenye zamu ya kazi anaingia chumbani, mwenzake anabaki na watoto na hagusi kompyuta. Zamu ikiwa fupi zaidi, kazi ya kufikiri inakatika ndiyo kwanza imekolea; ikiwa ndefu zaidi, aliye na watoto anaanza kufoka. Vikao vikigongana, mwenye kinachosogezeka amwandikie bosi usiku uleule.

Mpango huu huharibika kwa safari ndogo ndogo za maji na chaja. Kwa mtoto wa miaka 3, mama anayeonekana ni mama aliye huru, hivyo ukipita tu sebuleni kilio kinaanza upya. Ingia na kila kitu. Kabla ya kuingia, mpe dakika 10 za kucheza naye, simu ikiwa mbali. Baba abaki na saa ya kengele, mtoto aambiwe ikilia mama anatoka. Ikilia, toka kweli. Ukimdanganya mara moja tu, kesho atakaa mlangoni akigonga.

Katuni msiziwashe asubuhi. Ziwekeni akiba kwa saa ambayo nyote wawili mna kikao, la sivyo zitakuwa zimeshamchosha. Huyo wa miaka 7 naye asigeuzwe yaya. Asome kama dakika 20, aruke ruke, arudi, na anayemsimamia awe mzazi mwenye zamu.

Mumeo akisema kazi yake ndiyo nzito, usishindane naye kuhusu uzito. Mwombe zamu moja tu kesho, ya saa mbili nzima, wewe ukiwa ndani na mlango umefungwa. Usitoke kumwonyesha nguo za mtoto ziko wapi. Atazitafuta.