Simu Zetu Hulala Sebuleni

Mhariri, wiki hii mmetuuliza wasomaji: umefanya nini ili simu isikumalizie siku? Najua wapo watakaojibu kwamba dawa ni kufuta programu zote au kurudi kwenye kile kisimu cha tochi. Kwangu hilo haliwezekani. Mimi hupika mahamri, mbaazi na viazi vya karai vya kuagizwa, hapa Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa. Oda huja kwa WhatsApp, malipo huja kwa M-Pesa, na mwalimu wa mwanangu hutuma kazi ya nyumbani kwenye kundi la wazazi. Anayenambia niitupe simu ananambia nifunge biashara. Basi jibu langu ni kwamba simu haishindwi kwa nia peke yake. Ipangie mahali pake na saa zake.

Nia huchoka, na walioziunda programu hizi wanalijua hilo. Mwaka 2006 mbunifu wa Marekani, Aza Raskin, alibuni ule ukurasa usio na mwisho, unaojiongeza kila ukiuvuta. Baadaye yeye mwenyewe alisema hadharani kuwa anajuta. Zamani ukurasa ukiisha ulibidi ubonyeze ndipo uje mwingine, na hapo ulipata nafasi ya kujiuliza kama bado unataka kuendelea. Nafasi hiyo imeondolewa. Video nazo sasa hufuatana zenyewe. Mama aliyesimama jikoni tangu alfajiri, ikifika saa nne usiku, atapata wapi nguvu za kujikataza? Msaada wake uwe kitu cha kushikika, kama mlango au rafu.

Nyumbani kwetu tukishakula chakula cha usiku, simu zote hupelekwa sebuleni, kwenye rafu iliyo karibu na soketi, zikachajiwa huko. Chumbani haingii hata moja, na ya mume wangu ni hivyo hivyo. Aliniuliza, "Na alamu ya alfajiri je?" Nikanunua saa ya mezani Marikiti, ingawa katika mtaa huu wa misikiti kila kona adhana yenyewe yatosha. Wataalamu wanasema mwangaza wa skrini usiku huchelewesha melatonini, homoni inayoleta usingizi. Sawa, lakini mimi naona yaliyomo ndani ya simu ndiyo yanayowakesheza watu zaidi. Ujumbe mmoja tu kwenye kundi la harusi, nani hakualikwa na nani hakuchanga, na kichwa kishachemka.

Mchana ndio mgumu zaidi kwa sisi tunaofanya kazi na simu. Ninapokanda unga wa mahamri, tui na iliki vishaingia, mikono yote miwili imo ndani ya sinia. Simu iko juu ya friji, uso chini. Arifa zote nimezizima, nimeacha za kupigiwa na za M-Pesa tu, na makundi yote nimeyanyamazisha. Kwenye wasifu wangu nimeandika saa za kupokea oda: asubuhi kabla ya adhuhuri, kisha baina ya alasiri na magharibi. Mteja wangu mmoja wa Tudor alinuna mwanzoni. Siku hizi huniandikia, "Hii ya kesho, dada, utaiona saa yako ikifika." Sijapoteza mteja kwa jambo hili, na unga wangu hauachwi kati ukakauka juu.

Kuhusu macho nitasema kidogo. Tukikodolea skrini hatupepesi vya kutosha, ndiyo maana macho huwasha. Ushauri wa madaktari ni kwamba kila dakika 20 utazame kitu kilicho umbali wa kama mita 6 kwa sekunde 20. Anayevuka Likoni ana bahari nzima ya kutazama, na meli ziingiazo Kilindini, lakini ferini wengi wameinamia viganja vyao.

La watoto linanitia uchungu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekewe skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ni bora zaidi. Nawaona watoto wakilishwa huku katuni iko mbele yao, mdomo unafunguka tu, uji wenyewe hata hawautazami. Lakini ukimpokonya mtoto simu bila kumpa kitu badala yake, umemwonea. Mamangu mkwe hukaa barazani na wajukuu baada ya magharibi. Akisema "Kitendawili!" wote wanapokea "Tega!" kwa sauti ya kusikika mpaka nyumba ya tatu, na wakishindwa humpa mji. Wakubwa wana keram yao na karata. Hapo hakuna anayeulizia simu.

Dadangu wa Likoni anashikilia kuwa kijana wa sekondari apekuliwe simu yake kila usiku. Twabishana kila tukionana, na mimi sikubali, kwani mtoto anayepekuliwa hujifunza kuficha. Binti yangu nambari yake ya siri ni yake. Sharti ni moja tu, ikifika usiku aiweke pale inapowekwa ya babake, na hajawahi kulipinga, maana ya babake anaikuta tayari ishawekwa.