Kuhusu Solaria na udhibiti wa Mussolini

Mdogo wangu, umeuliza kama unaweza kuandika kwenye tasnifu yako kwamba Solaria lilikuwa jarida la kupinga ufashisti, utawala wa Mussolini huko Italia. Usikimbilie huko. Alberto Carocci alilianzisha Florence, mji wa Italia, mwaka 1926 kwa ajili ya fasihi, siyo siasa. Hata mwandishi wake Elio Vittorini, aliyekuja kuwaudhi wadhibiti, yaani wakaguzi wa machapisho wa dola, alikuwa akiandikia Il Bargello, gazeti la mafashisti wa mji huohuo.

Mimi ningetazama zaidi waandishi ambao wahariri wa Solaria waliwaheshimu. Wakati dola inahubiri utaifa, wao walitoa toleo zima kwa mshairi Umberto Saba mwaka 1928, na jingine kwa mwandishi wa riwaya Italo Svevo mwaka 1929: watu wa Trieste, mji wa mpakani, wote wenye asili ya Kiyahudi. Hapo ndipo pana uzito, kaa hapo.

Halafu chunguza toleo la 1934 lililokamatwa na wadhibiti, lenye sehemu ya riwaya ya Vittorini, Il garofano rosso. Na tafadhali uwe makini na tarehe: toleo la mwisho limeandikwa 1934, lakini lilitoka 1936. Wanafunzi wengi hunaswa hapo.