Maswali na majibu: Vizibo vya drafti na watalii wa Venice

Wiki iliyopita niligusia jinsi watafiti wanavyotumia kompyuta kuiga mji uliofurika watalii, kama Venice ya Italia. Nimepokea maswali mengi. Haya manne nimeyaona yana uzito.

Kaka, kompyuta itajuaje mtalii anakwenda wapi? Inapiga ramli? (Msomaji, Sinza)

Hapana, dada yangu. Mtafiti huchora vichochoro, madaraja na vituo, kisha humwaga humo maelfu ya watu wa kubuni, kila mmoja na kanuni zake. Huyu kashuka melini, ana saa sita tu, anataka picha kanisani. Yule ni mwenyeji anawahi kazini. Akikuta foleni ndefu, mmoja atageuka, mwingine atavumilia. Halafu unawaachia. Hakuna aliyeiambia kompyuta pajae wapi; msongamano hujizalisha wenyewe.

Wazo hili ni la zamani. Mwaka 1971 mwanauchumi Thomas Schelling wa Marekani alionesha kwamba hata watu wasiochukiana sana, wakihamahama kwa kanuni ndogo tu, huishia kutengana mitaa. Sarafu na ubao wa miraba vilimtosha. Vizibo vya drafti vya kijiweni kwenu vingefanya kazi ile ile.

Si wawatoze tu watalii wapungue? (Msomaji, Mbagala)

Venice imeanza. Tangu Aprili 25, 2024, mgeni wa kutwa hulipa ada katika siku zilizoteuliwa; mwaka huo ilikuwa euro 5. Anayelala hotelini mjini humo amesamehewa. Faida ya uigaji ni kuijaribu ada kabla ya kugusa mfuko wa mtu.

Ila mara nyingi tatizo huwa saa, hata kuliko idadi. Fikiria pantoni ya Kigamboni: ikishusha, Feri pote hapapitiki, baada ya muda kidogo, pamepoa. Meli mbili za kitalii zikitia nanga pamoja saa tatu asubuhi, mambo ni yale yale. Kwenye kompyuta unaisogeza moja hadi saa sita, unatazama.

Matokeo yake yanaaminika? (Msomaji, Tabata)

Kwa kiasi. Lazima uigaji urudiwe mara nyingi, maana bahati imo ndani yake, kisha ulinganishwe na watu waliohesabiwa barabarani. Na ukihesabu miguu tu, kodi ya nyumba ikipanda huioni. Barcelona ilitangaza mwaka 2024 kwamba leseni za nyumba zipatazo 10,000 za kupangisha watalii hazitahuishwa zikiisha Novemba 2028, kwa sababu wenyeji wanakosa pa kuishi.

Dar watalii wanapita tu kwenda Zanzibar. Inatuhusu nini? (Mwanafunzi, Mlimani)

Badala ya mtalii weka mteja wa Kariakoo, machinga, mkokoteni na bodaboda. NetLogo ni programu ya bure ya uigaji wa aina hii, ipo tangu 1999, na inafungua hata kwenye kompyuta ya kawaida. Kazi ngumu ni takwimu: simama Mtaa wa Kongo uhesabu wapitao, saa kwa saa, kuanzia asubuhi. Begi livae mbele.