Kwenda Guatemala kusaidia shule ya Wamaya: nimekwenda mara tatu, haya ndiyo niliyoyaona

Mleta mada ameuliza hivi: usharika wao huko Texas unajiandaa kwenda Guatemala mwezi wa saba, wiki moja, kujenga darasa kwenye kijiji cha Wamaya, wenyeji wa asili wa nchi hiyo ya Amerika ya Kati. Kila anayekwenda anatoa dola 2,000. Anajiuliza aende, au hela aitume tu ikafanye kazi. Waliotangulia kujibu, wengine wamesema nenda ni baraka, wengine wamesema ni kwenda kutazama umaskini wa watu. Mimi nimekwenda 2015, 2017 na 2022 na usharika wetu wa Minnesota, kwa hiyo naomba mnivumilie, nitaandika kirefu.

Nianze na mimi mwenyewe maana inahusika. Nimezaliwa Amani, Muheza. Shule yangu ya msingi ilikuwa ikipokea wageni wa misheni kutoka Ulaya karibu kila mwaka. Tunapangwa mstari, tunaimba, tunapewa kalamu mojamoja, tunapigwa picha, wanaondoka. Kalamu niliifurahia, sisemi uongo. Lakini hakuna mgeni hata mmoja aliyewahi kuniuliza jina langu. Kwa hiyo siku nilipopanda ndege kwenda Guatemala nimevaa fulana moja na wenzangu, nilijua kabisa nimehamia upande gani wa ule mstari, na jambo hilo lilinikaa kifuani safari nzima.

Tulikwenda mkoa wa Alta Verapaz. Unafika Cobán, halafu unapanda nyuma ya pikapu, mmesimama mmeshikilia vyuma, saa mbili na nusu za matope. Watu wa huko ni Wamaya wa Q'eqchi'. Ndugu, msichukulie "Kimaya" kama lugha moja. Guatemala peke yake inatambua lugha 22 za Kimaya, na wa Q'eqchi' na wa K'iche' wakikutana inabidi waongee Kihispania. Na akina bibi wengi wa kijiji kile Kihispania chenyewe hawakijui.

Kabla hatujashuka kwenye gari nikasikia harufu ya iliki. Nikadhani nimeota, maana ndiyo harufu ya kwetu Amani. Kumbe Guatemala ni miongoni mwa nchi zinazouza iliki nyingi kuliko zote duniani, na sehemu kubwa inatoka milima ileile. Wao wenyewe hawaitii hata kwenye chai, inakwenda Uarabuni kwenye kahawa. Zao hilo lililetwa na Mjerumani mwenye shamba la kahawa mwanzoni mwa karne ya 20. Wajerumani walijitwalia mashamba kule miaka ileile wenzao walipokuwa wanafyeka Usambara, milima ya kwetu, kwa ajili ya kahawa. Mzee mmoja alinisimulia babu yake alivyofanya kazi kwenye shamba la mzungu ili aruhusiwe tu kuishi kwenye ardhi iliyokuwa ya ukoo wao. Mkalimani alikuwa bado hajamaliza sentensi, mimi nimeshaelewa.

Sasa safari ya kwanza. Tulikuwa watu 14. Shirika lililotuandalia (silitaji) lilishatupangia kazi: kupaka rangi madarasa mawili na kugawa vitabu. Tukapaka rangi kwenye manyunyu, maana Cobán na milima yake hunyesha karibu mwaka mzima, na asubuhi nusu ya ukuta ilikuwa imechuruzika. Akina baba wa kijiji walikuwa wamekaa kwenye gogo wanatuangalia. Watatu kati yao walikuwa mafundi ujenzi. Tulipoondoka waliikwangua rangi yetu wakapaka upya, hilo nilikuja kulijua miaka miwili baadaye. Ukipiga hesabu, watu 14 tulitumia karibu dola 28,000 kwenda kupaka rangi isiyofika dola 300.

Na vitabu. Vilikuwa vya Kihispania, vizuri, vina picha. Mwalimu, kijana aliyefundisha madarasa matatu ndani ya chumba kimoja, alimsimamisha mtoto wa kike wa darasa la pili asome. Akasoma ukurasa mzima bila kukwama, sisi tukapiga makofi. Mwalimu akamuuliza kwa Q'eqchi' alichosoma kinahusu nini. Yule mtoto akainamisha kichwa. Hakuwa ameelewa hata neno moja, alikuwa anasoma sauti tu.

Halafu mwalimu akamwaga punje za mahindi juu ya meza. Punje moja ni moja, kijiti ni tano, ganda dogo la konokono ni sifuri. Ndivyo Wamaya walivyoandika hesabu tangu kale, nukta, mstari na ganda, na wanahesabu kwa ishirini-ishirini pale sisi tunapokwenda kwa kumi. Yule yule mtoto aliyekuwa bubu alianza kupanga punje na vijiti, jun, wiib', oxib', mkono unakwenda haraka, mpaka akawa anamsahihisha kaka yake wa darasa la nne. Vidole vyake vilikuwa na weusi wa moshi wa jikoni. Siku ile ndipo nilipojua shule ile ilikuwa inahitaji nini.

Mwaka 2017 tulikwenda wanne tu, na hatukupanga kazi. Tulikwenda kuuliza. Kila kijiji kule kina kamati yake ya maendeleo, wanaiita COCODE, ipo kwa sheria ya 2002. Tulikaa nao jioni mbili. Walisema mambo matatu. La kwanza, mifereji ya bati na tenki la maji, kwa sababu wasichana walikuwa wanatolewa darasani kwenda mtoni kuchota maji ya kupikia uji wa shule. La pili, mwalimu anayejua Q'eqchi' asihamishwe. Hilo la pili halikuwa la kwetu, ni la kwao na serikali. La tatu, wasichana wanaomaliza darasa la sita wapate pa kulala mjini, maana sekondari iko mjini na nauli ya kila siku haiwezekani.

Hela ikanunua bati, mifereji na tenki pale pale Cobán. Mafundi walikuwa wao, walilipwa. Sisi tulibeba mchanga na kuchanganya zege kwa amri yao, kama msaragambo wa kwetu. Na usharika ukaanza kulipia chumba cha wasichana watano kwa mama mmoja wa kanisani.

Kuna jambo watu wa makanisa hawaambiwi kabla ya kwenda, na mimi naona ni lazima waambiwe. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Guatemala vilidumu 1960 hadi 1996. Waliouawa na kupotezwa ni zaidi ya 200,000, wengi mno wao ni Wamaya. Tarehe 29 Mei 1978 askari waliwapiga risasi wakulima wa Q'eqchi' waliokwenda kudai ardhi pale Panzós, mkoa huo huo. Na Ríos Montt, aliyetawala 1982 hadi 1983 wakati jeshi linachoma vijiji, alikuwa mhubiri wa kilokole, kila wiki anahubiri kwenye televisheni. Kwa hiyo mkifika kundi zima mmevaa sare, mna daftari mnaandika majina, mnapiga picha, kisha mnahubiri, kuna mzee pale anakumbuka kitu kingine kabisa.

Lakini vilevile wanamkumbuka padre Stanley Rother. Alikuwa mtoto wa mkulima wa Oklahoma, akafika mji wa Santiago Atitlán 1968, akajifunza Kitz'utujil, lugha ya Wamaya wa huko, mpaka akawa anaadhimisha misa kwa lugha hiyo. Jina lake lilipoingia kwenye orodha ya watu wa kuuawa aliondoka, halafu akarudi kwa waumini wake. Wauaji waliingia nyumbani kwake usiku wa 28 Julai 1981 wakamuua. Mimi ni Mlutheri, na nikifikiria neno mmisionari huyo ndiye anayenijia.

Kwa hiyo mleta mada, jibu langu. Julai ni katikati ya mvua, msiende kumwaga zege. Waulizeni waandaaji nani kachagua darasa, ni kamati ya kijiji au ni ofisi ya Marekani? Kiwanja kiko wapi? Novemba 2020 kimbunga Eta kiliporomosha mlima juu ya kijiji cha Quejá, Alta Verapaz hiyo hiyo, kwa hiyo usikubali darasa chini ya mteremko kwa sababu tu eneo ni la bure. Zawadi mpeni mwalimu au kamati, msimpe mtoto mkononi. Picha mwombe mama yake kwanza. Na kama unajua hutarudi tena, tuma zile dola 2,000 zote. Kama uko tayari kurudi miaka kumi, nenda, mwende wawili au watatu, na anza leo kujifunza salamu.

Salamu yao ni "Ma sa sa' laa ch'ool?", yaani moyoni mwako kuzuri? Unajibu "Sa sa' lin ch'ool." Mwanamke mtu mzima unamwita qana', ni kama sisi tunavyosema mama.

Mwaka 2022 mkalimani wetu alikuwa mmoja wa wale wasichana watano, anamalizia sekondari, anataka kuwa mwalimu wa darasa la kwanza kijijini kwao. Aliniita qana', akaniuliza kama moyoni mwangu kuzuri, akasubiri nijibu. Kisha akaniuliza jina langu, na jina la kijiji nilikozaliwa.