Re: Wanajua jedwali la kodoni lakini protini hawaelewi. Mimi huanza na boda

Mwalimu mwenzangu, umeuliza mbona wanafunzi wako wa kidato cha nne wanasoma jedwali la kodoni (kila kodoni ni herufi tatu za RNA, na mbele yake asidi amino yake, yaani kipande kimoja cha protini) bila shida lakini ukiwaambia waeleze protini inatengenezwa vipi wanakwama. Nimefundisha bayolojia huku Kisumu miaka kumi na moja na hiyo shida naijua sana, acha niandike ndefu kidogo.

Mimi nilishtuka siku moja nikisahihisha mtihani wa katikati ya muhula, zaidi ya nusu ya darasa wameandika eti GAG hubadilika ikawa asidi ya glutamiki. Hubadilika! Yaani kwa kichwa cha mtoto zile herufi zinayeyuka zinageuka asidi amino, na si makosa yake, jedwali lenyewe ndio linaonyesha hivyo, herufi upande huu, asidi amino upande ule, katikati hakuna mtu. Tangu siku hiyo jedwali huwa sitoi mpaka mwisho wa somo.

Naanza na boda, kwa sababu hakuna mtoto wa huku hajapanda. Ile tRNA, molekuli ndogo inayobeba asidi amino, ni boda. Iko na kiti, abiria ni asidi amino, na iko na namba pleti ya herufi tatu, hiyo ndio antikodoni. Ribosomu, mashine ya seli inayounganisha protini, iko steji inasoma mRNA, ile nakala ya maagizo ya jeni, herufi tatu tatu, ikiona GAG inangoja boda ya pleti CUC, A hushikana na U, G na C, basi. Boda ikiingia, abiria wa boda ya mbele anashuka na mnyororo wake wote anashikana na huyu mpya, boda ya mbele inaondoka tupu kutafuta abiria mwingine. Na hapo nauliza, mRNA imegeuka nini? Haijageuka kitu, bado iko pale chini, ribosomu nyingine inaweza kuja kuisoma tena.

Kisha tunafanya kwa mikono. Nanunua shanga soko la Kibuye, rangi nane, na vibanio vya nguo na karatasi za manila. Sakafuni naandika kwa chaki herufi za kweli, tafadhali usitunge za uongo, ni mwanzo wa mnyororo wa beta wa himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni: AUG GUG CAU CUG ACU CCU GAG GAG AAG. Kodoni tisa lakini rangi ni nane ju GAG iko mara mbili. Wanafunzi wawili ni ribosomu, wengine ni boda, na mmoja anakaa kwa meza karibu na mlango, kazi yake ni kupandisha kila abiria kwa boda yake. Huyo wa mlangoni ni kimeng'enya, na kwa seli wako wengi, karibu kila aina ya asidi amino na kimeng'enya chake. Hiki kipande usikipite haraka, vitabu vingi vinakitaja kwa sentensi moja na ndio moyo wa somo lote.

Kwa sababu raundi ya pili huwa namnong'oneza boda anayengojwa na kodoni CAU abebe shanga ya prolini badala ya histidini. Ribosomu wanaangalia pleti, inalingana, wanapokea, wanaendelea mpaka mwisho. Tukiweka minyororo miwili pamoja wanaona rangi imebadilika, na mwaka jana kijana mmoja alisimama akasema kwa sauti, "Mwalimu, ribosomu haiangalii abiria!" Hapo ndio nawaambia mwaka wa 1962 watafiti Marekani walifanya hivyo hasa, walichukua tRNA iliyobeba sisteini, wakaigeuza ile sisteini kwa kemikali ikawa alanini ikiwa bado iko juu ya boda, na ribosomu ikaiweka alanini mahali pa sisteini bila kuuliza. Maana ya herufi anaijua yule wa mlangoni.

Mbona tatu tatu? Hesabu ya ubaoni inatosha: herufi ziko nne, ukizipanga mbili mbili ni 16 na asidi amino ziko 20, tatu tatu ni 64. Kati ya hizo 61 ziko na asidi amino, tatu, UAA, UAG na UGA, hazina boda yao, mnyororo unaachiliwa.

Halafu raundi ya tatu, na hii uifanye polepole. Nafuta herufi moja tu, GAG ya kwanza inakuwa GUG. Shanga ya valini inatokea mara ya pili. Kitabu kinasema namba sita na sisi tunahesabu saba, ni kwa sababu ile methionini ya mwanzo hukatwa. Valini haipendi maji, himoglobini ikishaachilia oksijeni inanata kwa himoglobini nyingine, zinapangana nyuzi ndefu, seli nyekundu ya damu inajipinda, na hiyo ndio sikoseli. Huku kando ya ziwa sikoseli iko kwa nyumba nyingi, aliye na nakala moja tu ya jeni hiyo malaria kali haimpati kwa urahisi ndio maana imebaki kwetu. Kuna msichana ambaye kaka yake anaugua, alibaki nyuma wenzake wakitoka, akaniuliza ni nini mama yake alikula akiwa na mimba. Nikakaa naye chini pale kwa chaki, nikamwonyesha ile A iliyogeuka ikawa U, nikamwambia baba alipitisha nakala moja na mama moja, vile wao walipewa, hakuna aliyekula kitu wala kufanya kitu. Akaniomba ile minyororo miwili aende nayo nyumbani amwonyeshe mama yake. Nilimpa, kwa hivyo ukinunua shanga nunua za ziada.

Vipindi viwili vya dakika 40 vinatosha. Jedwali wape kesho yake.