Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Mtu Aitwe Ramsbottom?

SWALI: Kwenye kipindi cha historia ya kandanda nilisikia kwamba kocha wa kwanza wa timu ya taifa ya Uingereza aliitwa Walter Winterbottom. Juzi tena, kwenye kitabu cha reli, nikakutana na mhandisi anayeitwa Ramsbottom. Kamusi yangu inasema "bottom" ni makalio. Hivi wenye majina haya hawaoni haya?
Msomaji, Tanga

JIBU: Kamusi yako haijakudanganya, ila imekupa maana changa. Waingereza walianza kuyaita makalio "bottom" mwishoni mwa karne ya 18, na majina haya yalikuwa yameshatumika kwa mamia ya miaka. Katika Kiingereza cha kale botm, au bothm kwa matamshi mengine, ni sakafu ya bonde, pale chini kabisa kijito kinapopita. Kwa mtu wa Tanga jambo hili si geni. Wabondei wa Muheza wameitwa kwa bonde, na hakuna anayewacheka.

Ramsbottom ni mji ulio kando ya mto Irwell, kilomita kama sita kaskazini ya Bury, katika kaunti ya kale ya Lancashire. Tangu 1974 uko chini ya Greater Manchester, lakini ukitafuta nyaraka za zamani tafuta Lancashire. Jina la mahali hapo liliandikwa Romesbothum mwaka 1324. Sehemu ya mbele ya neno ina maelezo mawili. La kwanza ni ramm, kondoo dume. La pili ni hramsa, kitunguu saumu cha mwituni, mmea wa majani mapana unaofunika ardhi ya misitu yenye unyevu na kunuka saumu msimu wa machipuko. Ile "o" ya Romes haitusaidii kuamua, kwa sababu watu wa Lancashire waligeuza "a" kuwa "o" kila ilipotangulia "m" au "n", kwa hiyo maneno yote mawili yangeishia Rom-. Sisi tunaegemea kwenye saumu, maana mmea huo hupenda mahali pa namna hiyo hasa, chini ya bonde penye kivuli na maji. Anayemtaka kondoo wake abaki naye, hana kosa.

Ndugu za jina hili ni wengi. Winterbottom ni bonde la malisho ya wakati wa baridi, Longbottom ni bonde refu, na Sidebottom ni bonde pana, kwa kuwa sid la kale ni "pana" na halihusiani na ubavu. Shufflebottom, linalochekwa kuliko yote, limetokana na Shipperbottom, mahali palipo upande huohuo wa Bury, na ndani ya ile sehemu ya mbele amejificha kondoo.

Utakutana pia na Ramsbotham, Sidebotham na Rowbotham. Wapo waliobadili tahajia ili kukwepa kicheko, hilo kweli, lakini usiwatuhumu wote. Ile "th" ni ya kale, inatoka moja kwa moja kwenye bothm. Tahajia hiyo ndiyo ya Herwald Ramsbotham, aliyepewa cheo cha Viscount Soulbury na kuwa Gavana Mkuu wa Ceylon kuanzia 1949 hadi 1954.

SWALI: Mara nyingi mnaandika kwamba jina fulani la Kiingereza ni "la Lancashire" au "la Yorkshire". Mnajuaje? Si watu wamehama miaka yote hii?
Msomaji, Kisumu

JIBU: Tunahesabu, kisha tunalinganisha. Wengi huishia kwenye kuhesabu, na hapo ndipo wanapokosea.

Sensa inayofaa zaidi kwa kazi hii ni ya 1881, kwa kuwa imenakiliwa yote, jina kwa jina, na inatafutika bila malipo. Mwaka huo Uingereza pamoja na Wales zilikuwa na watu milioni 26 hivi, na Lancashire peke yake karibu milioni 3.5, yaani 13 katika kila 100. Kwa hiyo jina lolote lisilo na kwao lingekuwa na kama asilimia 13 ya watu wake Lancashire, kwa sababu tu kaunti hiyo ilijaa watu. Tuseme, kwa mfano, jina fulani lina watu 400. Ukikuta 53 wako Lancashire, hujagundua kitu. Ukikuta 200, hiyo ni karibu mara nne ya ulichotarajia, na sasa una sababu ya kuendelea. Rudia hesabu hiyohiyo kwa wilaya, halafu kwa parokia. Jina lenye chimbuko moja hukaza kadiri unavyoshuka: kaunti, wilaya, mwishowe vijiji vitatu vinne vinavyopakana. Jina lenye machimbuko mengi, kama Smith, hutawanyika.

Ramsbottom hukaza. Kitovu chake ni kusini-mashariki mwa Lancashire, na kutoka hapo linavuka kidogo kuingia magharibi ya Yorkshire na kaskazini ya Cheshire. Yule mhandisi wa reli aliyetajwa na msomaji wa Tanga, John Ramsbottom, aliyebuni pete iliyokatwa ya pistoni na vali ya usalama ambayo dereva hawezi kuichezea, alizaliwa mwaka 1814 Todmorden, mpakani mwa Lancashire na Yorkshire. Kutoka mji wa Ramsbottom hadi hapo ni kilomita kama 16 kwa mstari ulionyooka. Jina lilikuwa limetembea karne nyingi na kufika umbali huo.

Sababu ziko katika ardhi na kazi. Milima ya Pennine imekatwakatwa na vijito, na watu hawakukaa katika vijiji vikubwa bali katika mashamba yaliyotengana, kila moja na jina lake. Kaskazini majina ya ukoo yalichelewa kukaza kuliko kusini, na yalipokaza, familia moja moja zilichukua jina la shamba au bonde lao. Ndiyo maana Lancashire na magharibi ya Yorkshire zimejaa majina yaliyoanzia kwa mtu mmoja au wawili. Kisha ikaja sheria ya 1662 iliyoruhusu parokia kumrudisha fukara kwenye parokia yake, na maskini wengi wakaogopa kwenda mbali. Mwishoni mwa karne ya 18 viwanda vya pamba vikaanza kujengwa kwenye mito hiyohiyo. Mahali pengine viwanda vilihamisha watu. Hapa viliwakuta nyumbani. Mfumaji wa kibarazani alishuka tu bondeni kwenda kiwandani. Waliovuka bahari walifuata kazi waliyoizoea, na ndiyo sababu miji ya pamba ya Massachusetts kama Fall River na New Bedford ilipokea wafumaji wengi wa Lancashire.

SWALI: Naishi Leicester. Babu mzaa mama wa mume wangu alikuwa Ramsbottom. Tunacho cheti chake cha ndoa cha 1934 tu, na watoto wanataka kujua ukoo huo ulianzia wapi. Tuanze na nini?
Mama wa watoto watatu

JIBU: Dada, cheti hicho ni mtaji wa kutosha. Kinakupa umri wa bwana harusi, jina la baba yake na kazi ya baba. Akiwa na miaka 26 mwaka 1934, alizaliwa 1907 au 1908. Tafuta kwanza kwenye faharasa ya vizazi. Uandikishaji wa serikali ulianza tarehe 1 Julai 1837, na faharasa imepangwa kwa robo mwaka. Neno "Machi" pale maana yake ni waliosajiliwa kuanzia Januari hadi Machi. Wazazi walipewa siku 42 za kusajili, hivyo mtoto wa Krismasi 1907 huenda yuko kwenye Machi 1908. Anayesahau hili hukata tamaa mapema.

Tumia faharasa ya ofisi ya usajili yenyewe, si ile ya zamani peke yake. Ya zamani haionyeshi jina la ukoo la mama mpaka robo ya Septemba 1911. Ya ofisi inaonyesha tangu 1837. Kwa jina lililorundikana sehemu moja, jina la mama ndilo litakalokutenganishia John Ramsbottom watatu waliozaliwa mwaka mmoja. Angalia pia namba ya kitabu. Kuanzia 1852, namba 8b hadi 8e ni Lancashire, 8a ni Cheshire, na 9a hadi 9d ni Yorkshire. Usishangae wilaya ikiandikwa Bury na si Ramsbottom. Hiyo ni wilaya ya usajili, si mji.

Kisha panda kwa sensa. Ya 1911 ilijazwa na mkuu wa kaya kwa mkono wake, na inasema ndoa ina miaka mingapi, watoto wangapi walizaliwa hai na wangapi wamefariki. Mara nyingine ndiyo njia pekee ya kujua kuna mtoto aliyezaliwa na kufa kati ya sensa mbili. Rudi nyuma miaka kumi kumi hadi 1851, ambayo inataja parokia ya kuzaliwa. Ya 1841 ina mitego miwili: watu wenye zaidi ya miaka 15 wengi walipunguziwa umri hadi tano iliyo chini yake, hivyo wa miaka 39 aliandikwa 35, na mahali pa kuzaliwa pameandikwa tu kama ni ndani ya kaunti hiyo au sivyo. Kwa upande wa karibu, sensa ya 1931 iliungua 1942 na ya 1941 haikufanyika, kwa hiyo pengo hilo linazibwa na rejesta ya tarehe 29 Septemba 1939.

Kabla ya 1837 unaingia kwenye rejesta za kanisa. Ziliamriwa mwaka 1538, ingawa parokia nyingi zina mapengo, hasa miaka ya vita kati ya 1642 na 1660. Anza na Bury St Mary na Holcombe. Tangu 1813 ubatizo unaonyesha kazi ya baba, na utachoka kusoma neno "weaver", yaani mfumaji. Usikosee tarehe: kabla ya 1752 mwaka ulianza tarehe 25 Machi, kwa hiyo ubatizo wa 12 Februari 1740 kwa hesabu yetu ni wa 1741. Bila kulijua hilo utamkuta mtoto amezaliwa kabla ya arusi ya wazazi, uanze kuhukumu watu bure.

Usipomwona mtoto kanisani, huenda wazazi walikuwa Wamethodisti au Waindipendenti, Wakristo wasio wa kanisa la Anglikana, waliokuwa wengi mabonde hayo. Tafuta rejesta za madhehebu hayo. Ndoa, hata hivyo, tangu 1754 hadi 1837 zilibidi kufungwa katika kanisa la Anglikana, isipokuwa za Wakweka (Quakers) na Wayahudi, kwa hiyo ndoa ya Mmethodisti iko parokiani.

Neno la mwisho ni tahajia. Karani aliandika alivyosikia, na anayenakili leo anasoma anavyoweza. Usitafute "Ramsbottom" peke yake. Andika Ram*b*t*, ili nyota zibebe Rambottom, Ramsbotham na Ramsbothom kwa pamoja. Kisha jaribu tena ukianza na K, maana R ya mwandiko wa zamani husomwa hivyo.

SWALI: Duka moja la intaneti linauza nembo ya "ukoo wa Ramsbottom" kwenye fremu. Ni halali?
Msomaji, Muscat

JIBU: Ni pambo. Uingereza nembo hupewa mtu na uzao wake, haipewi jina. Taasisi inayohusika ni College of Arms ya London, iliyoanzishwa 1484. Kama fremu ni nzuri, weka picha ya familia.

SWALI: Je, wote wenye jina adimu la Kiingereza ni wa damu moja? Na vipimo vya vinasaba vinaweza kuthibitisha?
Msomaji, Kigoma

JIBU: Jina la ukoo la Kiingereza hutoka kwa baba kwenda kwa mtoto, na kromosomu Y pia hutoka kwa baba kwenda kwa mwana. Vikienda sambamba, wanaume wa jina moja adimu hufanana Y. Njiani vinaachana: mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa akichukua jina la mama, mtoto wa kulea, mtu aliyebadili jina. Mwaka 2000 uchunguzi wa wanaume 48 wenye jina Sykes, ambalo maana yake ni vijito na ni la mabonde ya Yorkshire, ulikuta karibu nusu wana Y ya aina moja. Hilo lilishangaza, kwa sababu jina la maana ya kawaida kama hiyo lilidhaniwa kuanzia sehemu nyingi.

Kisa kinachotuhusu zaidi kilichapishwa 2007 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester. Mzungu mmoja mwenye jina adimu la mashariki ya Yorkshire alikutwa na Y ya kundi lililoitwa A1 wakati huo, ambalo ni la Afrika, na lililofanana na la Afrika ya Magharibi. Walipima wanaume 18 wa jina hilo. Saba walikuwa nalo. Nyaraka ziliwaweka hao saba katika koo mbili, kila moja na mzazi wake aliyeishi Yorkshire mwishoni mwa karne ya 18. Vinasaba vilionyesha kwamba koo hizo zinakutana vizazi vichache nyuma ya hapo, mahali ambapo karatasi zimenyamaza. Wale wengine 11 wana jina lilelile na Y tofauti. Mwenye jina la Yorkshire tupu, sura ya Yorkshire na vyeti vya Yorkshire vya miaka 200 alikuwa na babu Mwafrika, na jina lake halikuonyesha hata dalili.