Shoka la springi likimeguka makali, usikilaumu chuma

Mkuu, unasema mashoka matatu uliyofua kwa springi ya Canter yamemeguka makali yote, na fundi mwenzio anasema springi za siku hizi feki. Mimi nafua hapa Mafinga, wateja wangu wengi ni wakata miti wa msitu wa Sao Hill, na springi hizohizo ndizo nazipiga kila siku. Chuma chako kizima. Ulichoruka ni kukirudisha kwenye moto baada ya kukipoza.

Mwaka wangu wa kwanza nami niliharibu, ila kwa kosa jingine. Asubuhi ya Juni, baridi ya Mafinga unaijua, pipa la maji limelala nje. Nikatoa shoka jekundu nikalitumbukiza. Likalia "tii!", kama kioo cha chemli kilichodondokewa na tone la maji. Nikalipangusa, sikuona kitu. Wakati wa kunoa ndipo ufa ukajitokeza, mwembamba kama unywele, toka kwenye makali hadi karibu na tundu la mpini. Mzee aliyenifundisha hakunigombeza. Aliligonga mara moja kwenye fuawe likaachana, akanionyesha ndani: punje nene, zinameta kama sukari. Kumbe hata moto nilikuwa nimeuzidisha.

Springi ya gari ina kaboni karibu asilimia 0.6, tena imechanganywa kromi au silikoni. Chuma cha namna hiyo hakitaki maji, kinataka mafuta. Wengi wanatumia oili chafu. Mimi niliacha kwa ajili ya ule moshi, natumia mafuta ya alizeti (karakana inanuka kama banda la chipsi, basi). Msimu wa baridi nayapasha kwanza kwa kuzamisha kipande cha nondo chekundu, kwa sababu mafuta yakiwa mazito kwa baridi hayapozi chuma sawasawa.

Rangi ya moto usiipime juani. Fulia kivulini, na uwe na sumaku ya spika mbovu kwenye waya. Chuma kikikaribia nyuzi 770 sumaku haikishiki tena. Ongeza moto kidogo tu, kisha zamisha.

Sasa hapo ulipokosea. Likitoka kwenye mafuta, pitisha tupa: ikiteleza, limegumuka, lakini ni gumu la kioo. Usilipeleke kazini. Sugua shavu moja kwa msasa hadi ling'ae, halafu pasha kisogo polepole, makali yakae mbali na mkaa. Utaona rangi zinatembea kuelekea kwenye makali: njano ya majani makavu kwenye nyuzi 220 hivi, kahawia, zambarau karibu 280, kisha bluu. Kisu nakiachia kwenye kahawia. Shoka nangoja zambarau ifike kwenye makali, ndipo nalipoza. Hapa usiwe na haraka, wala usipokee simu. Mimi narudia mara mbili.

Na grainda nayo iangalie. Ukinoa makali yakageuka bluu, umeshayalainisha, hata kama mwanzo ulipatia. Chovya kwenye maji kila baada ya mpito mmoja.

Hayo matatu usiyauze skrepa. Yaliyomeguka ncha tu, noa hadi upite pengo, yang'arishe, yarudishe hadi zambarau. Si lazima kuanza upya. Lenye ufa likate, sehemu nzima itatoa patasi.